Kwa Mujibu wa Habari

Sifa zote njema zinamrudia Mwenyezi Mungu, aliyetupa jicho la kuona herufi na moyo wa kuuliza zimebeba nini. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa milima hii aliyonikalisha juu yake, na kwa walimu alionikutanisha nao, wa dini yangu na wa dini nyingine. Katika hao nataka kumsema mmoja. Namwomba Mola anizuie nisimpambe kwa sifa ambayo hakuwa nayo, maana mwenyewe angechukia. Angeniuliza: "Hilo umelisoma wapi?"

Nitamwita Mwalimu. Miaka ile ukisema Mwalimu watu walidhani unamsema yule wa Taifa, lakini sisi vijana wa upande wetu wa Lushoto tulikuwa na Mwalimu wetu mdogo, na tulipokuwa peke yetu tulimwita Kwa Mujibu. Alikuwa amefundisha shule ya misheni mpaka akastaafu, na alipostaafu akabaki na kazi moja aliyoifanya bila kuajiriwa na mtu: kuwafundisha vijana ufahamu.

Ufahamu ni ile sehemu ya mtihani ambapo unapewa habari fupi, unaisoma, kisha unaulizwa maswali juu yake. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuingia kazi ya ukarani serikalini. Uhuru ulikuwa umekuja, viti vya ofisini vilikuwa vinahitaji watu, na serikali ilikuwa imetangaza kwamba kazi zake sasa zitafanywa kwa Kiswahili. Hapo ndipo watu walipocheka. Mjomba wangu, muuza kabichi, alimkuta Mwalimu sokoni akamwambia mbele za watu, "Mwalimu, nasikia unafundisha watoto wetu Kiswahili. Kiswahili kinasomewa? Si wanakisema?"

Mwalimu akamwamkia kwanza, maana hakuwahi kujibu mtu kabla ya salamu. Kisha akasema, "Na miguu si unayo, bwana? Mbona juzi ulipokata njia kushuka Mombo uliteleza ukafika kabla ya mzigo wako?"

Soko zima lilicheka, mjomba naye akacheka. Ndivyo alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Koti lake lilikuwa moja, la kijivu, na penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata kanisani. Alikuwa Mlutheri wa kweli kweli, mzee wa kanisa. Alitembea na mwavuli mwaka mzima, lakini mvua ikinyesha hakuufungua. Aliukumbatia kifuani usilowe. Tulipomuuliza sababu alisema mwavuli ule alizawadiwa na wanafunzi wake wa kwanza, na zawadi haifanyishwi kazi.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, Jumatatu na Alhamisi, jioni kabla jua halijazama nyuma ya mlima. Tulikuwa mchanganyiko, Wakristo na Waislamu, wengi wetu tumeacha majembe mlangoni. Sisi Waislamu tulikuwa tunachelewa kwa sababu ya sala ya alasiri. Mkristo mmoja mwenye haraka akalalamika kwamba muda unapotea. Mwalimu alimwangalia, akasema, "Tulia. Wenzako wanazungumza na Mwenyezi Mungu. Serikali inaweza kusubiri." Tangu siku hiyo hakuna somo lililoanza kabla hatujaingia.

Vitabu hatukuwa navyo. Alifundishia alichokipata: maandishi ya mfuko wa mbolea, karatasi ya chupa ya dawa ya kikohozi, tangazo la mnada wa ng'ombe, na zaidi ya vyote vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari au nyama. Mara nyingi mafuta ya nyama yalikuwa yamefuta maneno. Tulipofika palipofutika tulikisia. Hapo aligonga meza kwa penseli.

"Umelitoa wapi neno hilo?"

"Nimeona lingefaa, Mwalimu."

"Nyama imelila. Sema: hapasomeki. Karani anayejaza kilicholiwa na nyama atakuja kujaza jina la mtu gerezani."

Alikuwa na msemo wake kuhusu kusoma, na sijapata kusikia mtu mwingine akiusema. Alisema habari isomwe mara tatu: mara ya kwanza kama mgeni, mara ya pili kama mwenyeji, mara ya tatu kama mwizi. Mgeni huitazama nyumba yote na kusema ahsante. Mwenyeji hujua kila kitu kimewekwa wapi. Mwizi huenda moja kwa moja kwenye anachokitaka, hukichukua, na kutoka bila kugusa kingine. "Swali likikuuliza kuku," alisema, "toka na kuku. Usitoke na kuku na mbuzi halafu ukasema umejibu sana." Mchungaji alipolisikia hilo alimuuliza kama ni sawa kufundisha wizi ndani ya nyumba ya Mungu. Mwalimu akamjibu kwamba hata Maandiko yanamtaja mwizi mmoja aliyeokoka.

Lakini neno lililompa jina ni lile lingine. Kila swali alilitanguliza: "Kwa mujibu wa habari." Kwa mujibu wa habari, ng'ombe alikuwa wa rangi gani? Kwa mujibu wa habari, nani alifika kwanza? Maana yake ni kwamba jibu limo ndani ya maandishi. Halimo kichwani mwako wala tumboni, na bibi yako hakukuachia. Jambo hilo ni dogo kulisema, na kwetu watu wa mlimani lilikuwa gumu kuliko kupanda kilima na gunia la viazi. Wakati mmoja alitusomea habari ya mfugaji aliyeshuka nyikani na kurudi na furaha. Akauliza: "Kwa mujibu wa habari, kwa nini mfugaji alirudi akiwa na furaha?" Darasa zima, bila kuambiana, tuliandika jibu moja: kwa sababu amerudi mlimani. Habari ilisema waziwazi kwamba aliuza ng'ombe wake vizuri. Lakini kwa Msambaa nyika ni joto na homa, na mtu aliyetoka nyikani salama hahitaji sababu nyingine ya kufurahi. Mwalimu alizisoma karatasi zetu moja baada ya nyingine, akaziweka mezani, akasema, "Leo mmeandika vizuri sana habari ambayo hamkupewa."

Mimi mwenyewe nilifika kwake nikiwa nimeshashindwa mtihani mara moja. Tangazo lilisema atakayeshindwa mara mbili asijaribu tena. Baba yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki. Kaka yangu alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya mkonge na kurudi na kifua kinachopiga filimbi kila akivuta pumzi. Nikishindwa tena njia yangu ilikuwa ile ile, kwenda chini kwenye vumbi la mkonge, na mama angebaki juu peke yake na mgonjwa. Nililijua hilo, na mama alilijua, ingawa hatukulitamka.

Siku ya kwanza Mwalimu alinipa kipande cha gazeti nisome kwa sauti. Nilikuwa nimesoma chuoni tangu utotoni. Maalimu wangu wa Kurani, Mungu ampe nuru kaburini, alinifundisha kutamka kila herufi kana kwamba ni amana ya mtu. Nikasoma, na wenzangu wakanyamaza kunisikiliza. Nilipomaliza Mwalimu akasema, "Mashaallah. Sauti yako ni nzuri. Sasa niambie, sauti hiyo imesema nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimepita juu ya maneno kama mtu anayepita juu ya daraja bila kutazama maji.

Nilidhani atanicheka. Badala yake aliniuliza chuoni nilifundishwaje. Nikamwambia kwamba nukta moja ikihama, neno limehama, na kwamba maalimu wetu alitusimamisha saa nzima kwa nukta moja. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi nusu ya kazi imeshafanywa na mwenzangu," alisema. "Wewe unalinda nukta. Mimi nitakufundisha kulinda maana." Namshukuru Mungu kwa walimu wawili ambao hawakupata kuonana, na wakanisomesha kama waliokubaliana.

Kisha akataka kujua nilishindwaje mara ya kwanza. Nikamweleza. Habari ya mtihani ule ilihusu matuta. Ilisema kwamba zamani wakulima wa milimani walifundishwa kuchimba matuta, udongo ukaacha kuchukuliwa na maji, na wakulima wakashukuru. Swali likauliza: kwa nini wakulima walishukuru?

"Ukaandika nini?" Mwalimu aliuliza.

"Niliandika: hawakushukuru."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaitazama ncha yake muda mrefu.

"Na swali la pili?"

"Liliuliza walionyesha shukrani zao vipi. Nikaandika: waliyavunja."

Hapo hata yeye alishindwa kujizuia, alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti. Alipotulia akasema polepole, "Uliandika kweli, kijana. Lakini hukuulizwa kweli. Uliulizwa habari. Ukiulizwa habari, toa habari. Ukweli wako usiutupe, uweke mfukoni. Mwisho wa mtihani mara nyingi huja swali linalosema 'kwa maoni yako.' Hilo ndilo shamba lako. Humo lima utakavyo."

Msomaji ambaye si wa kwetu anaweza kushangaa kwamba watu wanachekea na kulilia matuta. Wakati wa Mwingereza, kabla ya Uhuru, ilikuja amri kwamba kila mwenye shamba mlimani achimbe matuta kuzuia mmomonyoko. Miteremko yetu ni mikali, na kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake. Mama yangu alikataa. Alisema matuta yale yanafukua udongo mbaya na kuuweka juu ya mzuri, kwamba ni kubana shi, ndivyo tusemavyo Wasambaa juu ya kuiharibu nchi. Wakamweka ndani. Mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya alinyonyeshwa na jirani mpaka mama aliporudi.

Na aliyeisoma amri ile barazani alikuwa Mwalimu. Jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, hakujua kusoma vizuri, akamwita mwalimu wa shule amsomee.

Hilo nililisikia kwa mama, siku nilipomwambia nimempata mtu wa kunifundisha. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ikasimama.

"Yule wa mwavuli?"

"Ndiye, mama."

"Alitusomea matuta. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, mtoto mgongoni. Alisoma vizuri sana, hakukosea hata neno. Alipomaliza nikasimama nikamuuliza: 'Mwalimu, na sisi wenye mashamba ya genge, kwenye mteremko mkali, je? Imeandikwaje?' Akaikunja karatasi. Akasema, 'Mimi ni msomaji tu, mama.' Akaenda zake."

Mtu mwingine wa kunifundisha sikuwa naye.

Mama akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda akasema, "Nenda ukasome. Lakini usile kwake."

Kwetu sharti hilo si dogo. Mtu unayekula kwake umemaliza naye ugomvi wote. Walipokutana njiani mama alimwitikia Mwalimu salamu, kwa kuwa salamu ni haki ya kila mtu, lakini aliitikia akitazama vidole vyake vya miguu. Na mke wa Mwalimu alikuwa mama mkarimu, mcheshi, ambaye hakuacha somo limalizike bila kuleta chai na viazi vitamu vya moto. Kukataa ilikuwa utovu wa adabu, kula ilikuwa kumvunja mama, na kusema nimeshiba ilikuwa uongo. Nikatafuta njia na Mungu akanionyesha. Jumatatu na Alhamisi ni siku za funga ya sunna. Nikawa nafunga siku za masomo, naitarajia thawabu yake, na mdomo wangu ukabaki salama.

Mke wa Mwalimu hakuridhika. "Kijana," aliniambia, "Ramadhani yako wewe haina mwezi?"

"Ni sunna, mama."

"Sunna! Wenzako nao ni Waislamu, mbona wanakula viazi vyangu?"

"Mwache," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Anafunga kwa ajili ya mtu." Alijua. Hakuniuliza kamwe, wala hakunitendea tofauti.

Sitaki msomaji adhani kwamba alikuwa mtu mnyoofu kila upande. Yeye aliyetufundisha kujibu kilichoulizwa, mwenyewe hakujibu kilichoulizwa. Ukimuuliza saa ngapi alikueleza jinsi Wajerumani walivyoleta saa ya kwanza. Mke wake alikuwa akisimama mlangoni na kupaza sauti, "Kwa mujibu wa habari, kuni zimekwisha!" naye akajibu kwamba habari hiyo haikusema nani akazichanje. Alitukataza kuongeza neno kwenye maandishi, lakini akisimulia safari yake ya ujana kwenda Amani, kwenye kituo cha utafiti, kuona miti ya wataalamu, chui aliyekutana naye alizidi kukua kila mwaka. Alituhimiza uvumilivu, na chai ikichelewa alinuna kama mtoto.

Jambo moja kwake halikubadilika, na nilichelewa kulitambua. Hakuwahi kukunja karatasi. Somo likiisha, kipande cha gazeti kilibaki wazi mezani, yeye ameketi nyuma yake, mikono juu ya magoti. Alikaa hivyo mpaka mwanafunzi wa mwisho awe ameuliza la mwisho. Wengine walikuwa wazito wa kuelewa, na jua lilizama, na baridi ya Lushoto ikaanza kuingia kwa chini ya mlango, naye hakuinuka. Sisi tulidhani ni uzee wa magoti.

Siku ya mtihani ikafika. Tulikaa kwenye madawati bomani, na nilipogeuza karatasi nikaona habari ya mfanyakazi wa shamba la mkonge. Ilisema aliipenda kazi yake, hewa ya pale ilimfaa, na kila asubuhi aliamka akiimba. Swali la kwanza: kwa mujibu wa habari, kwa nini mfanyakazi aliipenda kazi yake?

Nilikisikia kifua cha kaka. Mkono wangu ulitaka kuandika: hakuipenda. Nikaiweka kalamu chini, nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikaisoma habari ile kama mgeni. Nikaisoma tena kama mwenyeji. Mara ya tatu nikaingia kama mwizi, nikatoka na nilichoulizwa, kimoja kimoja, bila kugusa kingine. Hewa ilimfaa. Aliamka akiimba. Niliyaandika yote kwa mwandiko safi, na sikujiona mnafiki, maana nilijua ni maneno ya nani.

Swali la mwisho lilisema: kwa maoni yako, je, habari hii imeeleza maisha ya wafanyakazi wa mkonge kwa ukamilifu?

Nilikaribia kucheka kwa sauti ndani ya boma. Lile lilikuwa shamba langu. Nikalilima mpaka kengele ikalia.

Nilifaulu. Nilipomletea Mwalimu habari hiyo aliniuliza kwanza kama nimeisoma mwenyewe kwenye ubao wa matangazo au nimeambiwa. Nikamwambia nimeisoma mara tatu. Akavua kofia. "Basi ni kweli," alisema, akaniombea dua kwa namna ya Kilutheri, nami nikasema amina.

Nikawa karani ofisini Lushoto, na miaka ikapita. Kaka yangu nilimpeleka hospitali nzuri, na Mungu akampa nafuu ya muda kabla hajamchukua. Mama akabaki na mimi. Yeye na Mwalimu waliendelea na salamu zao za vidole vya miguu. Sikuwahi kumwomba amsamehe. Mtu hatoi kwa kuombwa na mtoto wake kile ambacho hakijaiva moyoni.

Kisha ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa. Mazungumzo yakajaa mlimani: watu watahamishwa wapelekwe nyikani, nyumba zitabomolewa, migomba itakatwa. Ofisini nikakabidhiwa tangazo la serikali na kuambiwa niende upande wetu nikalisome kwenye mkutano, kwa kuwa watu wa huko wananijua. Nilipoichukua karatasi ile nilihisi kama nimeshika kitu nilichokwisha kukiona.

Asubuhi ya mkutano nilipita kwa Mwalimu. Mke wake alikuwa ameshafariki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwizi wangu. Umekuja na nini?"

Nikamsomea. Alisikiliza mara ya kwanza, akaniomba nisome tena, na tena.

"Kwa mujibu wa habari," akasema, "limo neno kubomoa?"

"Halimo."

"Nyika imo?"

"Haimo, Mwalimu. Inasema kaya ziandikishwe kuwa kijiji pale zilipo, watu wachague viongozi, na liwepo shamba la pamoja."

"Basi hayo ndiyo yaliyomo." Akatafuta mwavuli wake kwa mkono, akaulaza juu ya mapaja. "Wakati wa matuta nilisoma vizuri. Mama mmoja aliniuliza swali. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake halikuwemo kwenye karatasi. Ningeweza kumwambia hivyo: mama, haikuandikwa. Ningeweza kukaa naye. Lakini niliogopa, nikaikunja karatasi. Wewe leo, ukimaliza kusoma, usiikunje."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi, na nyuso zilikuwa ngumu. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa na wanawake wenzake. Nikasoma. Nilipomaliza nikaiacha karatasi wazi juu ya meza, nikaketi nyuma yake, nikaweka mikono juu ya magoti.

"Haya, ulizeni," nikasema.

Mjomba, mzee sasa lakini ulimi ule ule, akasimama. "Karani, nyumba yangu inabomolewa lini? Nijue nisipige bati bure."

"Kubomoa hakukuandikwa hapa, mjomba. Piga bati lako."

"Na nyikani je?"

"Haikuandikwa."

"Na shamba la pamoja, tutalima siku ngapi?"

"Siku hazikuandikwa. Hilo sijui, na sitalibuni. Nitakwenda kuuliza na nitarudi kuwaambia."

Waliuliza mpaka maswali yakaanza kujirudia, na bado nilikaa. Mtu aliyekuja kuangalia karatasi kwa macho yake nilimwonyesha mstari kwa kidole. Ukungu ulishuka, watoto wakawaita mama zao, na mimi nikakaa. Mama yangu hakuuliza lolote. Aliitazama ile karatasi iliyokuwa wazi, kisha akanitazama mimi, kisha akainua macho juu kuelekea nyumba ya Mwalimu kule kilimani. Aliinuka mwisho kabisa.

Njiani kurudi nyumbani akasema jambo moja tu: "Kumbe inawezekana kukaa."

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni anasonga bada, kama tuuitavyo ugali wetu. Aliusonga kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akaweka na mboga ya maharage yenye samli, akafunika bakuli kwa bakuli, akafunga kwa kitambaa cheupe.

"Mpelekee yule wa mwavuli."

"Nimwambie nini, mama?"

Alikuwa anafuta meko. Hakugeuka. "Mwambie ale."

Nilimkuta Mwalimu amekaa juani penye ukuta. Harufu ilimfikia kabla yangu.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kwa mama, Mwalimu."

Akaweka mikono juu ya magoti. "Amesema nini?"

"Amesema ule."

Kuku walipita kati yetu. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Kwa mujibu wa habari, mama yako amenisamehe?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini alikuwa amenilea vingine.

"Haikuandikwa, Mwalimu. Imeandikwa ule."

Akaangua kicheko, kicheko kile kile cha siku ya matuta, machozi yakipita kwenye mikunjo ya mashavu. "Safi," alisema. "Safi sana. Hujaongeza hata nukta."

Nikammiminia maji akanawa. Akainamisha kichwa akamshukuru Mungu kwa chakula, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akatafuna polepole. Alipomeza aliyageuza kwangu yale macho yake ya ukungu.

"Sasa swali la mwisho," akasema. "Kwa maoni yako?"

"Kwa maoni yangu, Mwalimu," nikamjibu, "bada hii haina hata kidonge kimoja. Mama hamsongei hivi mtu mwenye deni naye."

Alisogeza bakuli likawa katikati yetu. Ilikuwa Jumatano, sikuwa nimefunga. Nikanawa mikono, nikala naye.

Wote wawili sasa wako mbele ya Yule asiyehitaji kusomewa. Nawaombea kila ninapoinua mikono, kila mmoja kwa jina lake. Na wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe subira ya mgeni, utulivu wa mwenyeji, na mikono safi. Akujaalie mtu wa kukaa nawe mpaka swali lako la mwisho, na akufanye wewe uwe mtu huyo kwa mwingine. Amina.